Kalamu Isiyofutika na Mvua ya Uluguru

Katika soko la Nyandira, lililo juu Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, jioni ya siku ya soko kuna desturi moja ambayo mgeni huitazama pasipo kuitia maanani. Kabichi, karoti na njegere zimekwisha kutiwa katika viroba na matenga, lori limekwisha kurudishwa nyuma hadi ukingoni mwa uwanja, na kabla utingo hajanyanyua mzigo wa kwanza, wanawake kwa wanaume hupita baina ya mizigo yao wakiwa na kalamu nene mikononi, wakiandika. Huyu huandika herufi mbili za jina lake, yule namba yake ya simu, na mwingine, ambaye hakujaaliwa kukaa darasani, huchora duara lenye msalaba ndani yake, au jembe. Usiku huohuo mizigo hiyo, iliyofanana kama mapacha, itateremka kona za mlima, itapita Morogoro mjini, na kutoka hapo itakwenda takriban kilomita 190 mpaka Dar es Salaam, ambako dalali wa Ilala au Kariakoo, asiyemjua mkulima kwa sura wala kwa sauti, ataamua nani alipwe nini kwa kuzisoma alama hizo chini ya taa.

Mama mmoja niliyemkuta hapo alikuwa akichora samaki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwuliza kwa nini achore samaki mtu ambaye shamba lake li mbali na bahari kiasi hicho. Akacheka, akasema, “Mwanangu, mimi mwenyewe sijui. Marehemu mama alikuwa akichora samaki, nami nachora samaki. Dalali akiona samaki anajua ni sisi.” Kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na ardhi aghalabu hurithiwa kwa njia hiyo, ila sikuwa nimepata kufikiri kwamba hata alama ya gunia huweza kurithiwa vivyo hivyo. Lakini samaki yule, nilipomtazama vizuri, alikuwa amechorwa kwa makapeni nyeusi ya bei rahisi juu ya kiroba kilicholoa umande, na mkia wake ulikuwa umeanza kuchuruzika kabla lori halijaondoka.

Mkia huo uliochuruzika ndio ulionifanya niandike makala hii. Tunazo siku hizi kalamu ambazo mgongoni mwake pameandikwa kwamba wino wake ni wa kudumu, nasi huzinunua madukani Morogoro kwa kuliamini neno hilo, tukaandika juu ya madumu, ndoo, chupa za asali, mabegi ya kusafirisha kwa basi kutoka stendi ya Msamvu, vikombe vya zawadi na mawe ya mapambo. Na baada ya masika moja tunalaumu kalamu. Hakika lawama hiyo aghalabu si ya haki. Kudumu si sifa ya kalamu peke yake, bali ni mapatano baina ya rangi, mahali ilipopakwa, na jua na mvua za mahali hapo. Na ukimkosesha mmoja wao haki yake, mapatano huvunjika.

Wazee wetu wa pwani, kwa upande wao, waliujua vema wino usiotakiwa kudumu. Mwalimu wa chuoni alimwandikia mtoto aya juu ya ubao kwa wino wa masizi, na somo lilipokwisha kuhifadhiwa ubao ukaoshwa ili upokee aya nyingine. Na aliyeandika kombe alitumia zafarani juu ya sahani nyeupe, akaikosha kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa, sahani ikarudi kabatini safi kama ilivyotoka. Kufutika hapo hakukuwa kasoro. Ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Wino wa kutofutika tuliuzoea zaidi katika tijara. Katika mashamba ya mkonge ya Tungi na Pangawe, karibu na mji wa Morogoro, robota la katani lililofungwa tayari kwa safari ya bandarini liliwekewa juu yake bati lililotobolewa herufi, likapitishwa brashi yenye wino mzito, na bati lilipoondolewa zikabaki alama za shamba na daraja la katani, mathalan 3L, au UG kwa katani duni, zikasomeka Dar es Salaam na zikasomeka vilevile Ulaya. Bati lile na brashi ile ndio mababu wa kalamu tunayoizungumza.

Ama kalamu yenyewe, hapana budi kwanza tuwatenganishe ndugu wawili wanaouzwa katika duka moja na kuitwa kwa jina moja. Wa kwanza ni makapeni ya kawaida, yenye ncha ya nyuzi zilizoshindiliwa, ambayo ndani yake mna rangi iliyoyeyushwa katika alkoholi kama sukari inavyoyeyuka katika chai. Alkoholi huruka hewani kwa nukta chache, na rangi hubaki juu ya kitu. Kalamu za ncha ya namna hii zilienea baada ya Sidney Rosenthal wa Marekani kuanza kuuza ya kwake mwaka 1953, na baada ya Mjapani Yukio Horie kuvumbua, mwaka 1962, ile nyembamba ya kuandikia karatasini. Ndugu wa pili ni kalamu ya rangi. Ndani yake hamna wino bali rangi hasa, ya jamaa moja na ile ya kupakia milango na baiskeli: unga wa madini uliosagwa laini mno, ukielea ndani ya ulimbo na kiyeyusho, pamoja na gololi ndogo ambayo huisikia ikigonga utikisapo, na kilango chenye springi kinachofunguka ncha ikandamizwapo. Kiyeyusho kikikauka, ulimbo huganda na kuushika unga ule juu ya kitu kama saruji inavyoshika kokoto.

Tofauti hiyo, ijapokuwa yaonekana ndogo dukani, ni kubwa shambani. Rangi iliyoyeyuka, kwa kuwa imetengana katika chembe moja moja, huliwa na jua upesi. Miali ya urujuanimno huzivunja chembe hizo, na ndiyo sababu maandishi meusi ya makapeni juu ya ndoo iliyokaa uani hugeuka kuwa ya zambarau, kisha ya kahawia, kisha yakawa kama kivuli cha maandishi. Unga wa madini haufi kwa urahisi namna hiyo. Weusi wake ni masizi yaleyale ya wino wa chuoni, wekundu wake huweza kuwa wa kutu ya chuma, na weupe wake ni oksaidi ya titani, ambayo huziba kabisa kile kilicho chini yake. Kwa hiyo kalamu ya rangi peke yake ndiyo iwezayo kuandika kwa rangi nyeupe juu ya tairi nyeusi, na fundi wa gereji akishakaza nati ya gurudumu huivutia mstari mmoja mweupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili nati ikilegea njiani mstari ukatike na dereva aone.

Wapo pia jamaa wa tatu, kalamu za rangi ya maji, ambazo zilianza mwaka 1983 kwa zile ziitwazo Posca, za kampuni ya penseli ya Mitsubishi ya Japani. (Kampuni hiyo, kinyume na dhana ya wengi, haina nasaba na ile ya magari, ingawa zote mbili hutumia alama ya almasi tatu, na ya penseli ndiyo iliyotangulia kuisajili, mwaka 1903. Mama wa samaki angeielewa kesi hiyo upesi kuliko wanasheria.) Hizi hazina harufu kali, zafaa watoto, na juu ya karatasi, mbao na mawe ni nzuri mno, lakini juu ya kioo au bati hubanduka zikiloa, zisipopakwa vanishi.

Sasa niseme habari ya kosa langu mwenyewe, maana sikuyajua haya kwa kuyasoma. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua miche ya parachichi iliyobebeshwa, nusu yake Hass na nusu Fuerte. Waliozoea kilimo hicho wanajua kwamba aina hizo mbili hupandwa pamoja kwa hekima: maua ya parachichi hufunguka mara mbili, mara moja kama jike na mara moja kama dume, na saa za Hass na za Fuerte zimepishana, hata moja huipa nyingine chavua. Nilikata vipande vya plastiki nyeupe kutoka kwenye dumu kuukuu, nikaandika majina kwa makapeni nyeusi, nikafunga kipande kimoja kwa kila mche, nikapanda kwa mpango niliouchora karatasini, na karatasi ile nikaipoteza. Masika ikapita, kiangazi kikapita. Nilipokwenda kupalilia nilikuta vipande vyangu vyote vimening’inia mahali pake, vyeupe kabisa, kama meno. Miche ya Hass na Fuerte kwa macho ya mtu kama mimi haina tofauti, nami nilikaa takriban miaka minne nikingoja matunda yaseme: la Hass likiiva huwa jeusi, la Fuerte hubaki kijani. Kumbe upande mmoja wa shamba nilikuwa nimepanda Hass tisa mfululizo, na upande wa pili Fuerte wote.

Nilimhadithia msiba huo bwana mmoja aliyetumikia misitu maisha yake yote, mmoja wa wale ambao Morogoro inao wengi, kwa kuwa hapo ndipo palipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na makao ya taasisi ya utafiti wa misitu. Nilitaraji ataniambia ninunue kalamu ya rangi, ya ghali. Akaniomba kopo tupu la soda. Akalikata kwa mkasi, akatoa ukanda mwembamba wa aluminiamu, akauweka juu ya gazeti lililokunjwa, akaandika kwa kalamu ya kawaida ya wino akiikandamiza kwa nguvu, hata herufi zikabonyea ndani ya bati. “Wino utaoshwa kesho,” alisema, “lakini shimo halioshwi.” Akaongeza kwamba penseli ya kawaida juu ya kibao cha mti au plastiki iliyokwaruzwa kwa msasa hushinda makapeni nyingi, kwa kuwa risasi yake ni kaboni, na kaboni haijui jua, na kwamba wanaohifadhi wadudu na vyura katika chupa za spiriti huandika vijikaratasi vya ndani kwa penseli, maana wino wa alkoholi ndani ya alkoholi ni sawa na chumvi ndani ya bahari. Basi mimi niliyekuja kuisifu kalamu ya kisasa nilirudi nyumbani na kopo la soda. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu msomaji asiye na fedha ya kalamu ya ghali asidhani kwamba amekwisha kushindwa.

Walakini yapo mambo ambayo penseli na kopo haviyawezi. Wapimaji wa misitu huupima mti kwa kuuzungushia utepe mahali pa kifua, sentimita 130 kutoka ardhini, na huchora hapo mstari wa rangi ili atakayekuja baada ya miaka mitano apime palepale, si juu wala chini. Maana kosa la sentimita chache katika mti uliotanuka shinani huweza kuufanya uonekane umekonda. Katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na yenye takriban hekta 24,000, rangi hiyo hukutana na adui wa kweli. Miteremko ya mashariki, inayotazama Bahari ya Hindi, hunyeshewa mahali pengine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hali mji wa Morogoro, uliojificha nyuma ya mlima, haupati hata nusu ya hizo. Na huko juu wingu lenyewe huingia msituni na kukaa, gome halikauki, na kuvu na kuvumwani huota juu ya mstari wa rangi kama vile huota juu ya kila kitu. Mstari huo basi huhuishwa kila wapimaji warudipo.

Hapo twapata kanuni ya kwanza ya kazi hii, nayo ni ukavu. Kitu cha kuandikwa na kiwe kikavu, kisha kiwe safi, na usafi si wa macho tu, kwa kuwa vidole vyetu vina mafuta, na chupa ya asali au ya mafuta ya alizeti ina utando usioonekana. Pangusa kwa kitambaa chenye spiriti na usipashike tena. Bati na kioo hukubali rangi vizuri. Dumu halikubali kwa moyo, kwa sababu plastiki ya madumu ina asili ya nta, hata rangi ikikauka huweza kubanduliwa kwa ukucha. Basi likwaruze kwanza kwa msasa mahali pa kuandika, rangi ipate pa kushika. Kalamu yenyewe itikiswe ikiwa na kifuniko, na ncha ikandamizwe kwanza juu ya kipande cha karatasi mpaka rangi iloweshe ncha, kamwe si juu ya kazi, maana tone la kwanza huja kama gharika. Baada ya hapo subira. Mstari wa pili ukipita juu ya wa kwanza uliokauka nusu, huukwangua wote.

Jambo moja nataka kulikazia kuliko mengine, nalo si la mapambo. Wakulima wa mboga hununua dawa za kuulia wadudu katika chupa kubwa, kisha hugawana, na mgawo wa mtu huingia katika chupa ya maji au ya soda, ikawekwa darini au chini ya kitanda. Chupa hiyo haina jina. Mtoto mwenye kiu haulizi jina. Lililo bora ni dawa ibaki katika chupa yake yenye karatasi ya kiwandani, na kuitia katika chupa ya kinywaji ni kosa la asili. Lakini kama kosa limekwisha kutendeka, basi kabla jua halijatua andika SUMU kwa kalamu ya rangi nyekundu, pande mbili za chupa, na chini yake jina la dawa na tarehe, na kwa ajili ya asiyejua kusoma chora fuvu, hata likiwa baya. Kisha kaiweke mahali penye kufuli. Hapa Tanzania herufi moja nyekundu juu ya ukuta, ile X ya nyumba zilizoingia katika hifadhi ya barabara, imepata kumkosesha usingizi mtu mzima. Twaijua nguvu ya alama tukitaka kubomoa. Yatupasa kuitumia kwa chupa hiyo pia.

Ama mapambo, Morogoro imejaaliwa mali ya bure. Mawe ya mito inayoshuka kutoka mlimani yana ulanga, yale madini yanayometameta kama magamba, ambayo wakati wa ukoloni yalichimbwa huko Uluguru kwa ajili ya vifaa vya umeme. Nimeona mawe bapa ya mto yaliyochorwa ndege, jani la mgomba, au jina la mtoto, yakawekwa mezani kuzuia karatasi zisipeperuke. Anayetaka kuchora aoshe jiwe, alianike jua siku mbili kwa kuwa jiwe hunywa maji kwa siri, apake kwanza tabaka la rangi nyeupe mahali pa mchoro, kisha aache kando ya mchoro pasipopakwa kitu, ulanga ujisemee. Vanishi ya kumalizia na iwe ya maji, kwa aliyetumia kalamu ya rangi ya mafuta; ile ya mafuta huiyeyusha mistari, kazi ya saa tatu ikawa ukungu. Kikombe chaweza kuchorwa nje, chini ya pale mdomo unapogusa. Ndani na ukingoni hapana, wala ndani ya sahani. Rangi hizi hazikutengenezwa ziliwe.

Sioni aibu kuiita kazi hiyo sanaa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, kwa sababu ndizo zilizopatikana kwa bei ya mfuko wake; naye alifariki mwaka 1972, na rangi ile inayong’aa imekuwa mtindo wenye jina lake. Rangi iliyomo katika kalamu ya mafuta ni ndugu ya ile ya Tingatinga, imetiwa tu katika mrija. Na kama ile, ina harufu, na harufu hiyo si ya kupuuzwa: zailini na viyeyusho vya jamaa yake huumiza kichwa na kuzungusha akili katika chumba kilichofungwa. Kazi ifanyike barazani, na mtoto apewe ya maji.

Nilirudi Nyandira safari nyingine nikiwa na kalamu moja ya rangi nyeupe na moja nyeusi, nikamtafuta mama wa samaki. Sikumweleza habari ya titani wala ya ulimbo. Nilimwonyesha tu namna ya kupangusa umande kwa upindo wa kanga na kukandamiza ncha pembeni kwanza. Alijaribu ile nyeusi juu ya kiroba cheupe, mistari miwili iliyokutana ikapishana nyuma kuwa mkia, akasimama akamtazama samaki wake, akaenda kwenye kiroba cha pili, cha tatu, hata cha nane. Lori likawashwa. Lilikuwa limekwisha kusogea hatua kumi alipopiga ukelele, akalikimbilia akiwa ameishika kalamu juu kama mshumaa, na utingo, akiguna, akainama kutoka juu ya mizigo kumpa mkono apande. Alikuwa amesahau macho.